Kopo la kimchi liko kwenye friji yangu tangu Desemba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga mjini. Tangu Agosti mwaka jana niko Daegu, Korea Kusini, nasoma shahada ya uzamili kwa ufadhili. Masomo yetu ni kwa Kiingereza, kwa hiyo Kikorea sijui zaidi ya salamu na asante. Nimepanga chumba kimoja ghorofani, nyumba ya familia kama nane hivi. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali nataka kufungasha virago nirudi nyumbani, na sijui nitamtazama vipi mama yangu, aliyenisomesha kwa maandazi ya asubuhi tangu darasa la kwanza.

Yalianza na takataka. Mwezi wa kumi nilitia taka zangu kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nikauweka chini penye mifuko ya wengine. Kesho yake asubuhi nikaukuta mlangoni kwangu, umefunguliwa. Maganda ya ndizi, mifupa ya kuku, chupa za maji, vyote nje nje, na juu kabisa karatasi ya benki yenye jina langu, imewekwa kama kielelezo mahakamani. Bibi mmoja mzee anayekaa chini alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akaanza kunisemesha kwa ukali, ananyooshea kidole mfupa mmoja mmoja. Majirani wawili wakapita wameinamisha macho, hakuna aliyesema kitu. Sikuelewa hata neno. Nikaokota taka zangu, nikaingia ndani, nikalia. Kwetu mtu hafungui mfuko wa mwenzake.

Tangu hapo naona kila kitu ni kunichukia. Kwenye treni ya chini ya ardhi mzee mmoja alinifokea nikiwa nimekaa tu, kimya, nimechoka. Siku nyingine msichana aliyekaa jirani yangu alinyanyuka akaenda kukaa mbali. Sokoni mama mmoja alizishika rasta zangu akazivuta, bila hata kuniomba. Nikitambulishwa kwa mtu, swali la kwanza ni umri wangu. Na siku za joto niliambiwa huku wanacheka kwamba hapa ni "Daepeurika", yaani Daegu ni Afrika. Sikuona cha kuchekesha.

Halafu kuna chakula cha jioni cha maabara. Profesa alitupeleka wote kula, mezani ni nyama ya nguruwe na pombe. Mimi ni Mwislamu. Aliponimiminia soju nikasema hapana, nikakirudisha kikombe. Meza nzima ilinyamaza. Tangu siku ile nikialikwa nasema naumwa tumbo.

Kitu pekee ninachokipenda ni treni ya juu, ile ya laini ya tatu. Inapita juu ya mji, na ikikaribia maghorofa ya watu vioo vyake vinaingia ukungu vyenyewe, abiria wasichungulie ndani. Napanda hata kama sina ninakokwenda.

Mwezi Desemba yule yule bibi aligonga mlango akanipa kopo la plastiki lenye kimchi, ile kabichi yao ya pilipili iliyochachushwa, akaondoka. Sijala, sijui ndani kuna nini, na harufu yake ni kali, nimelifunga mifuko miwili likae kwenye friji. Sijui ilikuwa ni kunicheka au vipi.

Sikukuu yao ya mwaka mpya juzi maduka ya mtaani yalifungwa, chuo kikawa tupu, nikakaa siku tatu bila kuongea na mtu. Usingizi nao umenikimbia. Mama nikimpigia namwambia mambo ni mazuri, namtumia picha za theluji. Shangazi, nirudi au nibaki?

Mpweke, Daegu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naishia pale pale: kwenye kopo. Umelitaja kwa haraka kama jambo dogo, katikati ya treni na sikukuu. Mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika, na nitalirudia. Ila kwanza nikuambie kwamba niliishi Busan, huko huko Korea, miaka minne, mume wangu alipokuwa akifanya kazi kwenye meli, na mwaka wa kwanza nililia kama wewe. Kwa hiyo sikusemeshi kutoka mbali.

Tuanze na taka. Korea tangu 1995 kila nyumba inalipia taka zake kwa kununua mfuko. Mfuko una maandishi ya wilaya yako, unauzwa madukani, hata kwenye viduka vile vya saa 24, na bei yake ndiyo ada ya kuzolea. Mfuko mweusi hauzolewi. Unabaki pale chini, paka wanauchana, na harufu inakuwa ya nyumba nzima. Anayekamatwa anatozwa faini, na njia ya kumkamata ni hiyo hiyo: kufungua na kutafuta karatasi yenye jina. Bibi alifanya kazi ambayo karani wa wilaya angeifanya, ila yeye mfuko aliuleta mlangoni kwako badala ya kukupeleka kwa karani.

Na vile vidole kwenye mifupa. Mabaki ya chakula huko yanatengwa peke yake, kwa sababu yanageuzwa chakula cha mifugo na mbolea. Kuyafukia dampo kulipigwa marufuku mwaka 2005. Kwa hiyo kipimo chao ni kile ambacho mnyama anaweza kula. Ganda la ndizi linaingia huko. Mfupa wa kuku hauingii, wala ganda la yai, wala kombe la chaza, wala kokwa ya embe. Hivyo vinakwenda kwenye mfuko wa kulipia. Chupa nazo zina mahali pake. Mwanangu, yule bibi alikuwa anakufundisha. Sauti ilikuwa ya ukali na njia ilikuwa ya kuaibisha, hilo silitetei, maana angeweza kukuita pembeni. Lakini mtu anayekudharau hasimami kwenye ngazi za baridi akakuonyesha mfupa mmoja mmoja. Anakuacha upigwe faini.

Majirani walioinamisha macho je? Umeandika mwenyewe habari ya vioo vya treni vinavyoingia ukungu ili watu wasitazamwe ndani mwao. Nadhani wale wawili walifanya vivyo hivyo. Walikuona umeaibika, wakageuza macho wasikuongezee aibu. Kwetu jirani angesimama akauliza kulikoni, na hiyo ndiyo huruma yetu. Ya kwao mara nyingi ni kutotazama. Ilinichukua muda mrefu kuitambua kuwa ni huruma, na mpaka leo naona ya kwetu inapasha moyo zaidi, lakini si chuki.

Yule mzee wa kwenye treni: karibu nina hakika ulikaa kwenye viti vya mwisho wa behewa. Vile ni vya wazee, wajawazito na wagonjwa. Hata behewa likiwa limejaa pomoni, utamwona kijana wa Kikorea amesimama mbele ya kiti kitupu asikikalie. Usikae hapo, hata umechoka vipi.

Swali la umri nalo lisikuume. Kikorea hakisemeki mpaka ujue nani mkubwa, kwa sababu kitenzi chenyewe kinabadilika mwisho wake kulingana na heshima. Piga picha umekutana na mtu pale stendi ya Tanga, na hujui umwambie shikamoo au mambo vipi, halafu kila sentensi itakayofuata inategemea jibu hilo. Ndiyo hali yao kutwa nzima. Mtu akikuuliza umri anatafuta mlango wa kuingilia maongezi. Na usishangae mzee akikwambia una miaka 27 au 28: kwa hesabu yao ya zamani mtoto anazaliwa tayari ana mwaka mmoja, na wote wanaongeza mwaka Januari mosi. Sheria iliiondoa hesabu hiyo kwenye mambo ya serikali tarehe 28 Juni 2023, lakini midomo ya watu haifuati sheria kwa siku moja.

"Daepeurika" ni jina la utani la mji wao wenyewe. Daegu imezungukwa na milima, joto la kiangazi linatuama pale kama kwenye sufuria, na wenyeji wamejiita hivyo kabla hujafika. Hata hivyo, ukiona linakuchoma, sema. Waambie Lushoto kuna baridi ya kuvaa sweta, uwaonyeshe na picha. Hawajui.

Rasta ni habari nyingine kabisa. Mwili ni wako. Mkono ukija, rudi nyuma hatua moja, inua kiganja, sema "andwaeyo", yaani haifai. Sema kwa upole mara ya kwanza. Huna deni la kushikwa na mtu kwa sababu ya udadisi wake.

Na msichana aliyehama kiti sitamtafutia sababu. Huenda alikuwa anakaribia kituo chake, huenda alikukimbia wewe. Ubaguzi Korea upo, na ningekudanganya kama ningekufariji kwa kusema yote ni kutoelewana. Hapo hapo Daegu, wanafunzi Waislamu walipata kibali cha kujenga msikiti karibu na chuo, wakazi wakapinga, na mwaka 2021 ujenzi ukasimamishwa. Kesi ilifika mpaka mahakama ya juu kabisa, ikaamua mwaka 2022 kwamba kuusimamisha kulikuwa kinyume cha sheria. Na baada ya hukumu hiyo bado watu waliweka vichwa vya nguruwe pale kiwanjani. Nakueleza hili kwa sababu wewe ni binti Mwislamu katika mji huo, na una haki ya kujua unakaa wapi. Muswada wa sheria ya jumla dhidi ya ubaguzi umepelekwa bungeni kwao mara kadhaa tangu 2007 bila kupita. Lakini Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ipo, simu yake ni 1331. Mtu akikutukana, akikunyima huduma, akikufanyia jambo maabara kwa sababu ya rangi au dini yako, andika tarehe, andika maneno, piga. Kuhusu kibali cha kuishi piga 1345, wanazungumza lugha nyingi. Ninachokuomba ni kuvitenganisha: mfuko wa taka uweke upande wake, vichwa vya nguruwe upande wake. Ukivichanganya, utawachukia wasiokuchukia, na wanaokuchukia kweli hutawatambua.

Profesa. Acha uongo wa tumbo, utakuchosha na iko siku watakupeleka hospitali. Mfuate ofisini kwake mchana, peke yenu, kabla ya mwaliko mwingine, umweleze kwamba dini yako hairuhusu pombe wala nguruwe, na kwamba unapenda kukaa nao mezani. Kwa Kikorea: "Dwaejigogireul mot meogeoyo", sili nguruwe. "Sureul mot masyeoyo", sinywi pombe. Kilichonyamazisha meza nadhani ni kule kukirudisha kikombe cha mkubwa aliyekimimina kwa mkono wake. Siku nyingine uwe na glasi yako ya maji au soda tayari. Wakiinua, inua kwa mikono miwili, na glasi yako iwe chini kidogo kuliko ya profesa. Kilichomo ndani ni chako na Mungu wako.

Sasa nikugombeze kidogo, kama shangazi. Miezi sita Korea na huwezi kusoma jina la wilaya kwenye mfuko wa taka? Kiingereza cha darasani kimekulemaza. Mfalme Sejong wa Korea alitoa herufi zao mwaka 1446 makusudi ili watu wa kawaida wasioweza kujifunza herufi za Kichina wapate kusoma. Zinazotumika leo ni 24 tu za msingi. Mimi nilizijua kwa wiki moja, huku nakoroga uji jikoni. Ukishazijua, mji unaacha kukufokea. Unasoma "mabaki ya chakula", unasoma "kiti cha wazee", na nusu ya barua yako inafutika.

Na lugha yao ina vitu utakavyovitambua haraka kuliko Mzungu yeyote darasani kwenu. Dada wa mama wanamwita "imo", dada wa baba "gomo": mama mdogo na shangazi, kila mmoja na jina lake, jambo ambalo Kiingereza kimeshindwa. Na "imo" ndilo wanalomwita hata mama asiyewahusu, anayewapakulia chakula mgahawani, kama sisi tunavyoita mama, kaka, mjomba njia nzima. Kuna Wakorea wanaosomea Kiswahili, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinakifundisha. Niliwahi kukutana na kijana mmoja wao, akaniinamia pale pale barabarani akasema "shikamoo", na hakuhitaji kuelezwa ina uzito gani. Kwao wanayo.

Haya, kopo.

Mwishoni mwa Novemba na mwanzo wa Desemba Wakorea wanafanya "gimjang", kutengeneza kimchi ya kipindi chote cha baridi. Ni kabichi nyingi, wanawake wa ukoo mzima wamechutama sakafuni, mikono imevaa glavu mpaka kwenye viwiko, wanapaka pilipili kila jani. Mwaka 2013 UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na kilichosifiwa si kabichi peke yake, ni kule kutengeneza pamoja na kugawana. Kimchi hiyo anapelekewa mtoto aliyehama, ndugu, na jirani. Bibi yako, baada ya ugomvi wa taka, alihesabu nyumba zake za kupelekea, na wewe ukawamo. Huo ndio msamaha wake, mwanangu. Mzee wa kule ni nadra kukwambia samahani. Atakuletea chakula.

Na kopo lake umekaa nalo zaidi ya miezi miwili.

Kwetu Tanga sahani ya jirani hukaa siku ngapi? Na hurudi tupu?

Kimchi haijaharibika, usiitupe. Imechachuka, na ikichachuka inafaa kupikwa. Ndani mara nyingi kuna mchuzi wa samaki au uduvi wa chumvi, na uduvi haujawahi kumshinda mtu wa Tanga. Ikatekate, ikaange na kitunguu mpaka ilainike, tia samaki wa kopo na maji, ichemke, ule na wali. Au ikaange na wali wa jana, uweke yai juu. Ule kwanza kabla hujakwenda kwake, kwa sababu utakachomwambia ni "Halmeoni, gimchi jal meogeosseumnida", yaani bibi, kimchi nimeila vizuri, na sitaki useme uongo mlangoni kwa mzee.

Habari ya kurudi au kubaki, usiiamue mwezi huu. Februari ya Korea ni mwezi mbaya wa kuamulia lolote. Muhula unafungua Machi, chuo kinajaa, na kufikia mwisho wa mwezi huo maua ya micheri yanatoka. Ukifika Juni na moyo bado unakataa, rudi, na hutakuwa umemwaibisha mtu. Huo usingizi lakini usiungoje mpaka Juni. Wanafunzi wa kigeni waliingizwa kwenye bima ya afya ya taifa tangu Machi 2021, kwa hiyo mchango unatoka kwako kila mwezi. Nenda kwa daktari wiki hii, na ulizia mshauri wa wanafunzi chuoni kwako.

Na mama yako mpigie. Saa yako ya ukutani hapo Daegu, ukiisoma kwa namba zake tu, inakupa saa ya Tanga kwa Kiswahili. Akrabu ikiwa kwenye mbili mchana, kwa mama ni saa mbili asubuhi, bado ana wateja. Ikiwa kwenye tisa usiku wako, kwake ni saa tisa alasiri, karai limeshaoshwa na amekaa. Mpigie hiyo saa tisa. Mweleze habari ya mfuko wa taka, mpaka mfupa wa mwisho, na umwambie unalala vibaya. Halafu muulize vipimo vya maandazi, unga kiasi gani kwa hamira kiasi gani, maana wewe una jiko moja la umeme na sufuria ndogo. Unga, sukari na mafuta unavyo dukani hapo chini. Iliki ulizia kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi au vya Waislamu, na ukiikosa, pika bila iliki.

Osha kopo na mfuniko kwa maji ya moto, liache wazi usiku kucha harufu itoke. Panga maandazi ndani yangali na joto. Shuka mchana, usigonge usiku. Akifungua, usivuke kizingiti na viatu. Inama kidogo, na kopo ulishike kwa mikono miwili.

Shangazi